Bwawa la Mchanga na Birika la Mifugo: Mradi Unaoanza na Wafugaji Wenyewe



Somo hili linahusu maji ya mifugo na ya familia yako wakati wa kiangazi. Linaeleza namna wafugaji wanavyoweza kupanga, kujenga na kutunza chanzo chao cha maji, huku mtaalamu akiwa msaidizi wao. Lisomeni pamoja nyumbani. Kama kuna mzee asiyesoma, kijana wa shule amsomee kwa sauti, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Baada ya somo hili utaweza:

- kukadiria maji yanayohitajika na boma lako na kijiji chako;
- kutambua korongo linalofaa kwa bwawa la mchanga;
- kupanga birika la kunyweshea lisilokuwa chanzo cha magonjwa;
- kumwuliza mtaalamu maswali ya msingi kabla ya kukubali mradi wowote.

1. Kwa nini afisa mifugo anazungumzia ujenzi?

Kazi yangu mnaijua. Nachanja, natibu, nasimamia josho, nakagua nyama. Nimesomea afya ya mifugo kwa ngazi ya cheti, sikusomea uhandisi. Lakini kila kiangazi naitwa kwenye maboma kutibu wanyama ambao dawa yao ya kweli ingekuwa maji safi yaliyo karibu. Ng'ombe anayetembea siku nzima kufuata maji anapoteza nyama na maziwa njiani. Mbuzi anayekunywa kwenye dimbwi la kinyesi anapata minyoo hata kama nilimpa dawa juzi. Mama anayeondoka alfajiri na punda kutafuta maji hana muda wa kumtazama ndama anayeharisha.

Kwa hiyo maji ni sehemu ya tiba, na mradi wa maji ukijengwa vibaya ni ugonjwa mpya. Hilo nililiona kwa macho yangu.

2. Pampu iliyokufa kwa kipande cha mpira

Mwaka wangu wa pili kazini, kijiji kimoja nilichokuwa nahudumia kilipata kisima chenye pampu ya mkono. Wafadhili walikuja na magari mawili. Mkutano ulichukua saa moja. Kamati ilichaguliwa kwa kuandika majina ya waliokuwepo siku hiyo, na wengi waliokuwepo walikuwa wanaume, kwa sababu wanawake walikuwa korongoni wakichota maji. Mahali pa kisima palichaguliwa karibu na barabara. Mimi nilikuwepo, nikasaini karatasi ya mahudhurio, nikapiga makofi pamoja na wengine.

Hakuna aliyeuliza swali moja jepesi: pampu hii itanywesha ng'ombe wangapi?

Tufanye hesabu ambayo hatukuifanya siku ile. Kijiji kilikuwa na ng'ombe kama 400 waliobaki nyumbani wakati wa kiangazi. Ng'ombe mmoja akinywa lita 30 kwa siku, mahitaji ni lita 12,000. Pampu ya mkono ikisukumwa vizuri hutoa kama lita 15 kwa dakika. Gawanya 12,000 kwa 15, unapata dakika 800. Hizo ni zaidi ya saa 13 za kusukuma bila kupumzika, kabla mbuzi mmoja hajanywa, na kabla ndoo moja ya nyumbani haijajaa.

Vijana walisukuma mchana na usiku. Katika kiangazi cha kwanza mpira wa ndani ya pampu uliisha. Kilikuwa kipande kidogo unachoweza kukifumba kiganjani. Hakuna aliyejua kinauzwa wapi, hakuna aliyekuwa na spana, na mfuko wa kamati haukuwa na kitu. Mifugo ikarudi kwenye dimbwi. Mwezi uliofuata nilitibu ndama wa kuharisha katika karibu kila boma, na watoto wa binadamu nao walikuwa wakiharisha. Bibi mmoja aliniambia, "Dokta, ulikuwepo walipokuja. Mbona hukusema kitu?" Sikuwa na jibu. Naandika somo hili ili safari nyingine mimi na wewe tuwe na la kusema.

3. Wenzetu wamefanyaje?

*Waborana wa kusini mwa Ethiopia.* Jamii hii ya wafugaji ina visima virefu vilivyochimbwa na mababu zao, vinavyoitwa tula. Baadhi vina kina cha karibu mita 30. Watu hupanga mstari kutoka chini hadi juu, wakapeana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba ili wasipotezane. Jambo la kujifunza hapa ni utaratibu. Kila kisima kina msimamizi anayeitwa abba herega, yaani baba wa zamu. Yeye ndiye anayepanga kundi lipi linywe siku ipi, na nani alete nguvu kazi ya kuchota na kusafisha. Mtu mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa, lakini mwenye ng'ombe hupitia kwenye zamu. Visima hivyo vimedumu vizazi vingi bila spana wala saruji, kwa sababu kila mtu anajua haki yake na wajibu wake.

*Wakamba wa Machakos, Makueni na Kitui nchini Kenya.* Wakamba wana desturi ya kazi ya pamoja inayoitwa mwethya. Majirani hukusanyika na kumfanyia mwenzao kazi, au kufanya kazi ya wote. Kwa njia hiyo wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito inayotiririka wakati wa mvua tu. Mawe, mchanga, maji na mikono hutoka kwa wanakikundi. Mashirika na serikali huongeza saruji, nondo na fundi mwenye ujuzi. Wanawake ndio wengi katika vikundi hivyo, na ndio wanaonufaika kwanza, maana safari ya kuchota maji inafupika.

*Saheli, Afrika Magharibi.* Huku tunajifunza kosa. Visima virefu vyenye mashine vilichimbwa katika nchi za wafugaji kama Senegali na Nijeri, na mifugo mingi ikakusanyika kuvizunguka. Ukame mkubwa wa mwaka 1968 hadi 1973 ulipofika, ng'ombe wengi walikufa wakiwa karibu na visima hivyo. Maji yalikuwepo, majani hayakuwepo. Walikufa kwa njaa na si kwa kiu. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya 8.

4. Anza na hesabu ya maji

Kabla ya kuchagua aina ya mradi, hesabuni mahitaji. Tumia makadirio haya kwa siku moja ya kiangazi:

- Ng'ombe: lita 30. Anayenyonyesha, au siku za joto kali, huhitaji zaidi.
- Mbuzi au kondoo: lita 4.
- Punda: lita 15.
- Mtu: lita 20 kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua.

Mfano wa kitongoji kimoja:

- Ng'ombe 400 × 30 = lita 12,000
- Mbuzi na kondoo 900 × 4 = lita 3,600
- Punda 40 × 15 = lita 600
- Watu 300 × 20 = lita 6,000

Jumla ni lita 22,200 kwa siku. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita 3,330,000, yaani mita za ujazo 3,330.

Semeni ukweli kuhusu idadi ya mifugo. Najua wengi hatupendi kutaja idadi ya ng'ombe wetu hadharani. Njia rahisi ni kila boma kuhesabu kwa siri na kutia kokoto ndani ya debe: kokoto moja kwa ng'ombe kumi. Mwisho hesabuni kokoto zote. Idadi ya kijiji itajulikana, ya boma haitajulikana.

5. Bwawa la mchanga linavyofanya kazi

Wewe unajua tayari kwamba korongo kavu si kavu. Ukichimba kisima cha mkono kwenye mchanga wake unapata maji. Tembo na nyani wanajua pia. Bwawa la mchanga linaongeza kile ambacho korongo linafanya lenyewe.

Ukuta imara wa mawe na saruji hujengwa kukatiza korongo, ukisimama juu ya mwamba. Mvua zikinyesha, mafuriko huleta mchanga na tope. Mchanga ni mzito, hivyo unatua nyuma ya ukuta; tope jepesi hupita juu na kuendelea na maji. Msimu hata msimu, nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na mchanga huo hujaa maji. Ukuta unashika sehemu ndogo tu ya mafuriko, kwa hiyo jirani aliye chini ya korongo bado anapata maji yake.

Faida zake kwa mfugaji ni hizi:

- Jua haliyafikii maji kwa urahisi. Yakishuka zaidi ya nusu mita chini ya uso wa mchanga, hayapungui sana kwa kukaushwa na jua. Lambo la wazi hupoteza maji kila siku.
- Mchanga unachuja uchafu.
- Mbu hawapati maji ya wazi ya kuzalia, na konokono hawapati mahali pa kukaa.
- Ng'ombe hawawezi kuingia na kuyachafua.

Je, linatosha? Mita moja ya ujazo ya mchanga wa chembe kubwa hutoa karibu lita 250 za maji. Kwa hiyo ule mfano wetu wa mita za ujazo 3,330 unahitaji mita za ujazo 13,320 za mchanga. Chukua korongo lenye upana wa mita 20, mchanga wenye kina cha wastani cha mita 1.5, kwa urefu wa mita 450. Zidisha: 20 × 1.5 × 450 = 13,500. Linatosha, kwa shida. Korongo lenu likiwa jembamba zaidi, itabidi mjenge mawili, au mpunguze mifugo inayobaki nyumbani kwa kupeleka mingine ronjo. Kupanga hayo mapema ni bora kuliko kuyagundua mwezi wa kumi.

6. Kuchagua mahali na kujenga

Wazee na wachungaji watembee korongo zima pamoja na fundi. Ujuzi wao ndio ramani ya kwanza. Tafuteni:

- sehemu ambayo visima vya mkono hukauka mwisho kuliko vyote;
- mchanga wa chembe kubwa. Mchanga laini kama unga hushika maji bila kuyaachia;
- mwamba unaoonekana au ulio karibu, unaokatiza korongo kutoka ukingo hadi ukingo;
- kingo ndefu na imara pande zote mbili, ili mafuriko yasizunguke ukuta;
- miti inayopenda maji, kama mkuyu, iliyo mibichi hata kiangazi.

Epukeni sehemu ambayo mifugo hulamba udongo wa ukingo au mawe yake. Hapo pana chumvi, na maji mtakayohifadhi yatakuwa ya chumvi.

Kazi hizi tano zinahitaji mhandisi au fundi mwenye uzoefu. Msizifanye kwa kukisia:

(a) Kuchimba msingi hadi kwenye mwamba au udongo mgumu usiopitisha maji. Msingi ukikaa juu ya mchanga, maji hupita chini yake na ukuta huanguka.

(b) Kuingiza mabawa ya ukuta ndani ya kingo. Mabawa yakiwa mafupi, mafuriko ya kwanza yatakula ukingo na kuacha ukuta umesimama peke yake.

(c) Kupima kimo cha ukuta na mahali mafuriko yatakapopitia. Kama korongo lenu huleta tope jingi, ukuta hupandishwa kidogo kidogo kila msimu ili tope lipite na mchanga ubaki.

(d) Kupanga mawe mazito au zege chini ya maporomoko, ili maji yanayoanguka yasichimbe mguu wa ukuta.

(e) Kuandaa njia ya kutolea maji: kisima kifupi pembeni chenye pampu, au bomba linalopita ndani ya ukuta kwenda kwenye tangi na birika. Bomba linawafaa wenye ng'ombe wengi kwa sababu maji hujishukia yenyewe. Tahadhari: koki ikiachwa wazi usiku kucha, mnamwaga akiba ya siku nyingi. Koki iwe na kufuli, na funguo zishikwe na watu wawili.

Kazi ambayo jamii inaweza kuifanya ni kubwa zaidi: kukusanya mawe, kuchimba, kubeba maji, kuchanganya zege na kulilinda. Jengeni kiangazi na mmalize kabla ya mvua. Zege jipya lifunikwe kwa magunia au majani na limwagiliwe maji kila siku kwa wiki mbili angalau. Ukuta unaokauka haraka hupasuka, na waswahili walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya jiwe la kwanza, pateni kibali. Hapa Tanzania, Bodi ya Maji ya Bonde ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji. Wataalamu wa RUWASA walioko wilayani watawasaidia kuunda chombo cha watumia maji kulingana na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Zungumzeni pia na vijiji vya juu na chini ya korongo. Ugomvi wa maji ni rahisi kuuzuia kabla ya ukuta kuliko baada yake.

7. Birika la kunyweshea

Usiruhusu mifugo inywe kwenye chanzo. Maji yaifuate mifugo kwenye birika. Zingatia haya:

- *Umbali.* Birika liwe mita 50 au zaidi kutoka kisima cha watu, upande wa chini, ili mkojo na kinyesi visirudi kwenye maji. Josho liwe mbali zaidi, maana dawa ya kupe ni sumu.
- *Kimo.* Birika la ng'ombe wakubwa liwe na kimo cha sentimita 60 hivi. Jengeni sehemu nyingine ya sentimita 30 hadi 40 kwa ndama, mbuzi na kondoo. Nimeona birika zuri ambalo ndama walilinusa tu bila kulifikia.
- *Urefu.* Ng'ombe mmoja huhitaji nafasi ya karibu sentimita 60. Birika la mita 6 linanywesha ng'ombe 10 kila upande, yaani 20 kwa mara moja. Kundi la 400 ni mizunguko 20. Kila mzunguko ukichukua dakika 10, kazi inaisha baada ya saa 3 na dakika 20. Lakini lazima maji yaingie lita 60 kila dakika, au tangi liwe limejazwa usiku. Pampu ya lita 15 kwa dakika haiwezi. Hesabu ndiyo inayosema.
- *Sakafu.* Wekeni mawe au zege kwa upana wa mita 2 hadi 3 kuzunguka birika. Matope yanaozesha kwato na kuleta konokono.
- *Tundu la kutolea maji.* Liwepo chini kabisa, ili birika lisafishwe kila wiki. Birika lisilo na tundu halisafishwi.

Mahali watu wanapochotea pazungushiwe uzio. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini hata kama yanaonekana meupe.

8. Magonjwa na malisho penye maji mapya

Maji huwaita wanyama, na wanyama huja na magonjwa yao. Kinga ni bora kuliko tiba:

*Sotoka ya mbuzi na kondoo, na homa ya mapafu ya ng'ombe.* Huenea wanyama wanapokutana pua kwa pua. Kundi lenye wagonjwa linywe mwisho au lipelekewe maji kando, na mnipe taarifa mapema. Makundi yanayotoka mbali yaulizwe kuhusu chanjo.

*Kimeta.* Mnyama hufa ghafla, na damu isiyoganda hutoka kwenye matundu ya mwili. Usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Vijidudu vyake huishi ardhini miaka mingi sana. Mzoga uchomwe au ufukiwe shimo la mita 2, mbali na korongo. Mzoga mmoja juu ya bwawa unaweza kuharibu kazi ya kijiji kizima.

*Minyoo bapa ya ini.* Hubebwa na konokono wa madimbwini. Ziba mivujo yote ya birika na bomba.

*Homa ya Bonde la Ufa.* Huja na mbu baada ya mvua kubwa, kama mlipuko ulioanza mwishoni mwa mwaka 2006 na kuingia 2007 hapa Afrika Mashariki. Wanyama wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, usiguse mimba hizo kwa mikono mitupu, usinywe maziwa mabichi, na utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Kuhusu malisho, kumbukeni Saheli. Maji yakiwepo mwaka mzima, mifugo haitaki kuondoka, na baada ya misimu michache eneo lote linabaki vumbi. Wengi wetu tunaukumbuka ukame wa mwaka 2021 na 2022, na mizoga iliyolala kando ya barabara za Longido na Simanjiro. Kwa hiyo kabla ya kufungua koki, wazee wa mila na serikali ya kijiji wakubaliane: mifugo gani hubaki, ipi huenda ronjo, na eneo gani la alalili linafungwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Koki inaweza kufungwa msimu wa mvua, wakati madimbwi ya mbali yana maji, ili majani ya karibu yapumzike. Bwawa bila mpango wa malisho ni mtego.

9. Kamati, mfuko na daftari

- *Kamati ichaguliwe na mkutano ulioitwa mapema,* saa ambayo wanawake wanaweza kufika. Waulizeni wanawake kwanza mahali pa kuchotea pawe wapi, kwa kuwa wao na watoto ndio wachotaji.
- *Msimamizi wa zamu awe mmoja anayeheshimika.* Anaweza kupendekezwa na laigwanani na kuthibitishwa na mkutano. Asiwe mwenye kundi kubwa kuliko wote.
- *Mchango uwe wa haki.* Mwenye ng'ombe 200 na mama mwenye mbuzi 6 hawawezi kutoa sawa. Changieni kwa mnyama. Asiye na fedha atoe siku za kazi, na siku hizo ziandikwe.
- *Mafundi wawili wa kijiji,* na mmoja awe mwanamke. Vijana wengi huhamahama. Mama anayechota kila siku ndiye anayesikia pampu ikibadilika sauti. Tangu miaka ya 1980 kuna pampu za mkono, kama Afridev, zilizobuniwa ili mwanakijiji aweze kuzifungua kwa spana moja na kubadili mpira mwenyewe. Vipuri viwili vya kila aina vikae kijijini tangu siku ya kwanza.
- *Daftari lisomwe hadharani kila mwezi.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ikikosekana mara moja bila maelezo, mwezi unaofuata hakuna atakayetoa.
- *Kanuni ziwe chache.* Anayevunja zamu, anayeingiza mifugo kwenye chanzo, anayechimba mchanga wa bwawa na kuuza: kila kosa na faini yake, na hakuna wa kusamehewa kwa sababu ya ukoo.

Baada ya kila msimu wa mvua, kagueni ukuta, mabawa na mguu wake. Ukiona nyufa, maji yanayovuja chini au ukingo uliolika, mwite fundi kabla ya mvua zinazofuata.

10. Maswali saba ya kumwuliza mtaalamu au mfadhili

Mgeni akija na mradi, mkaribishe, mpe chai, kisha muulize:

1. Chanzo hiki kitatoa lita ngapi kwa siku mwezi wa mwisho wa kiangazi? Tuonyeshe hesabu.
2. Umehesabu mifugo yetu, au watu tu?
3. Mahali hapa pamechaguliwa na nani, na kwa sababu gani?
4. Kitu gani kitaharibika kwanza, kinauzwa mji gani, na bei yake ni kiasi gani?
5. Nani kati yetu atafundishwa kukitengeneza, kwa siku ngapi, na kwa zana za nani?
6. Kibali kiko wapi, na mali hii itaandikwa kwa jina la nani?
7. Ukuta au pampu ikishindwa mwaka wa pili, tutakupata wapi?

Mtaalamu mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba amepata wenzake wa kufanya nao kazi. Akikasirika, mmejua mapema.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Boma letu linahitaji lita ngapi kwa siku? Hesabuni sasa.
2. Ni sehemu gani ya korongo letu hukauka mwisho? Mwulizeni bibi na babu. Huenda wanakumbuka sehemu ambayo haikukauka hata ukame mkubwa ulipokuja.
3. Nani nyumbani anatembea umbali mrefu zaidi kwa ajili ya maji, na angefanya nini kwa muda huo kama maji yangekuwa karibu?
4. Chanzo tulicho nacho sasa kina kipuri gani cha akiba? Nani anajua kukibadilisha?

Kama kijiji chenu kina pampu iliyokufa, msisubiri mradi mpya. Njooni na namba iliyoandikwa kwenye pampu, nami nitawasindikiza kwa fundi wa wilaya. Ile pampu ya kijiji niliyowasimulia ilitengenezwa baadaye na wanakijiji wenyewe, kwa fedha ya beberu mmoja aliyeuzwa mnadani. Sasa inatumika kwa maji ya watu tu, na ng'ombe wana zamu yao kwingine. Yule bibi ndiye mtunza daftari la mfuko. Mjukuu wake anaandika, yeye anakumbuka nani hajalipa.

Kwa ushauri zaidi, onana na afisa mifugo wa kata yako au fika ofisi ya kijiji siku ya josho.